Mtoto Aliyechelewa Hufundishika, na Mwalimu Wake ni Mzazi

Katika vijiji vyetu yupo mtoto ambaye watu wanajua amezaliwa, lakini hawamwoni. Walikwenda kumpongeza mama yake, wakapeleka na sabuni na khanga. Kisha miezi ikapita, mwaka ukapita, mtoto haonekani uani akicheza na wenzake. Yumo ndani, amelazwa mkekani. Hajaketi. Hajasema. Ukiuliza habari zake unajibiwa, "Ana homa kidogo." Ukirudi mwezi ujao, bado ana homa kidogo.

Hayo yapo Kerenge, yapo Handeni, na mijini pia yapo. Makala hii ni ya wazazi wa mtoto huyo. Ni ya bibi yake na shangazi zake vilevile, maana mara nyingi wao ndio wanaoamua mtoto apelekwe wapi na lini.

KUCHELEWA NI NINI?

Watoto hawakui sawa kama mahindi ya shamba moja. Huyu hutembea mapema, yule hukawia kidogo, na wote ni wazima. Lakini kuna kiasi chake. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wa Ghana, Uhindi, Norway, Oman na Marekani, likatoa matokeo mwaka 2006. Nchi hizo hazifanani kwa chakula wala kwa hali ya hewa. Hata hivyo, karibu watoto wote waliweza kuketi bila kushikwa walipofika miezi 9, na kutembea wenyewe walipofika miezi 18. Basi mtoto aliyepita hapo bila kuweza, asiambiwe tu kwamba "atatembea, hata baba yake alichelewa." Apelekwe akapimwe.

Kuna dalili nyingine. Mtoto wa miezi 3 hakutazami usoni wala hatabasamu. Mtoto wa mwaka mmoja hageuki ukimwita, wala hatoi sauti za kitoto kama ba-ba, ma-ma. Mtoto wa miaka 2 haunganishi hata maneno mawili, kama "mama njoo". Au mwili wake ni mkavu kama gogo unapomwogesha, au umelegea kama kitambaa. Na hii shika sana: mtoto aliyekuwa akisema au akitembea, kisha akaacha, usingoje hata wiki.

Jambo moja watu husahau. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huhesabiwa kwa namna yake. Kama alizaliwa miezi 2 kabla, basi akiwa na miezi 8 mlinganishe na mtoto wa miezi 6.

NANI ALIYEMLOGA?

Hakuna. Nasema hivyo moja kwa moja kwa sababu swali hili limevunja nyumba nyingi. Mume humlaumu mke, mama mkwe humlaumu mkwewe, mjomba naye anataja jirani mwenye wivu. Huko Kilifi, katika pwani ya Kenya, watafiti waliwauliza wazazi wa watoto wenye ulemavu wanafikiri sababu ni nini. Wengi walitaja uchawi, pepo, na makosa ya wazazi. Hata huku kwetu tunayasikia hayohayo.

Sababu za kweli ni nyingi. Mtoto huenda alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa sababu uchungu ulikuwa mrefu na mama yuko mbali na mkunga. Huenda alipata manjano makali siku za kwanza na hakutibiwa. Malaria ikipanda kichwani huweza kuuharibu ubongo, na ugonjwa wa uti wa mgongo pia. Watu wengine husema degedege ni ndege wa usiku aliyempitia mtoto. Degedege huja na homa, na mara nyingi homa hiyo ni malaria. Kila saa inayopotea kwa kumfukiza mtoto moshi ni saa ya hatari. Kuna pia mama aliyekosa chumvi yenye madini joto wakati wa mimba. Kuna mtoto aliyezaliwa tofauti tu, wala hakuna aliyekosea. Na kuna yule ambaye akili yake ni nzima kabisa ila hasikii. Huyo huitwa mjinga miaka mingi bure. Mjaribu hivi: mtu mmoja amchezeshe kwa mbele, wewe simama nyuma asikuone, utikise kibuyu chenye punje za maharage. Ukirudia siku kadhaa asigeuke, mpeleke akapimwe masikio.

Kumkata mtoto kilimi hakumfanyi aseme. Humtoa damu na kumletea vidonda. Na hakuna kidonge wala dawa ya chupa inayomfanya mtoto aongee. Ukiuziwa, umeibiwa.

Tena tuachane na maneno ya zamani kama zezeta na taahira. Sisemi hivyo kwa adabu tu. Mtoto akishaitwa hivyo, hakuna anayejisumbua kumfundisha.

WAZAZI WAKIFUNZWA

Je, mtoto wa namna hii hufundishika? Ndiyo. Hatakuwa lazima kama wenzake. Mwenye mtindio wa ubongo hauponi ukamtoka, na mwenye usonji atabaki nao. Lakini asiyeketi huweza kujifunza kuketi, asiyesema huweza kujifunza kuomba maji kwa neno au kwa mkono. Ubongo wa mtoto hujifunza upesi sana katika miaka ya kwanza. Ndiyo maana ile homa kidogo ya uongo ina gharama kubwa. Mtoto anafichwa katika miaka ileile ambayo angejifunza zaidi.

Sasa, nani atamfundisha? Wataalamu wa kazi hii ni wachache, nao wako mijini. Mtoto akipelekwa kwao mara moja kwa mwezi, nusu saa, siku 29 zilizobaki yuko na nani? Yuko na mama, baba, bibi na ndugu zake. Kwa hiyo katika nchi nyingi wameona ni heri kuwafunza wazazi wenyewe.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mafunzo kamili kwa wazazi wenye watoto wa miaka 2 hadi 9 waliochelewa. Wazazi hukutana kwa vikundi mara 9, na mkufunzi huwatembelea nyumbani mara 3. Mkufunzi si lazima awe daktari. Anaweza kuwa muuguzi, mwalimu, au mhudumu wa afya wa kijiji, mradi amefunzwa na anasimamiwa. Mafunzo haya yametumika katika nchi zaidi ya 30, zikiwemo jirani yetu Kenya, na Ethiopia. Uganda wana mpango wao uitwao Ubuntu, kwa watoto wadogo zaidi. Huko mmoja wa viongozi wa kikundi ni mzazi ambaye yeye mwenyewe amelea mtoto wa namna hii. Napenda sana utaratibu huo. Mama aliyekata tamaa humsikiliza mwenzake aliyepita njia ileile kuliko anavyomsikiliza mgeni mwenye gari.

Hapa Tanzania, Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Jina ni refu, lakini maana yake ni fupi: mtoto mdogo anahitaji afya, chakula, ulinzi, na pia kuongeleshwa na kuchezeshwa.

Haya, wazazi wanafunzwa nini hasa? Mengi ni mambo ya nyumbani, hayahitaji fedha.

KUMFUATA MTOTO

La kwanza ni kumtazama mtoto anatazama nini. Wengi wetu tunamwita, "Njoo huku! Tazama hiki!" Yeye hatazami, tunachoka, tunamwacha. Mafunzo yanasema wewe ndiye umfuate. Kama anazungusha kifuniko cha sufuria, kaa chini mbele yake uso kwa uso, chukua kifuniko chako, uzungushe pia. Atakutazama. Hapo ndipo masomo yanapoanza. Akigonga kopo, gonga nawe. Kisha simama, ngoja. Akigonga tena akakutazama, ujue amekujibu, ingawa hajasema neno.

Kungoja ndiyo kazi ngumu. Sisi watu wazima tuna haraka. Mtoto huyu anahitaji muda kuliko wenzake, kwa hiyo ukimwuliza kitu, hesabu moyoni mpaka tano au kumi kabla ya kurudia.

Sema naye maneno machache. Usimwambie, "Haya baba, njoo unywe maji yako maana jua ni kali na bibi yako ananiita." Shika kikombe karibu na uso wako, sema, "Maji." Ngoja. Akinyoosha mkono, sema tena, "Maji," umpe. Akitoa sauti yoyote, furahi naye, umpe. Kesho hivyohivyo, kesho kutwa hivyohivyo. Kama hatoi sauti, mfundishe ishara, mkono kinywani kwa kuomba chakula. Ishara haimzuii kusema baadaye. Humsaidia.

Watu huuliza, tumsemeshe lugha gani? Msemeshe lugha unayoimudu vizuri, Kisambaa, Kizigua au Kiswahili. Bibi asinyamazishwe ati lugha yake itamchanganya mtoto. Haimchanganyi.

TONGE LA UGALI

Tuseme mtoto ana miaka 3 na hajui kula mwenyewe. Mama humlisha kila siku, maana ndiyo njia ya haraka. Ukitaka kumfundisha, usianzie mwanzo. Anzia mwisho.

Finyanga tonge, chovya mchuzi, litie mkononi mwake. Shika mkono wake uupeleke mpaka umekaribia kabisa mdomo. Hapo mwachie. Amalize mwenyewe ile sehemu ndogo iliyobaki. Msifu kwa jina lake. Akishaizoea hiyo, mwachie mkono ukiwa kifuani. Baadaye mwachie ukiwa mezani au sinia lilipo. Mwisho atachovya mwenyewe, na mwisho kabisa atafinyanga. Faida ya kuanzia mwisho ni kwamba kila mara kazi inaishia mikononi mwake, na furaha ya kumaliza ni yake.

Huenda ikachukua wiki moja, huenda miezi miwili. Nguo hufundishwa vivyo hivyo. Mvalishe shati mpaka limepita kichwani, yeye alivute chini tu. Kunawa, kwenda chooni, yote huvunjwa vipande vidogo.

Lakini kuna mtoto ambaye kumlisha kwenyewe ni hatari. Huyu ni yule mwenye mwili mkavu au uliolegea, anayekohoa au kupaliwa kila anapokula. Wapo wanaomlaza chali, wanabana pua, wanamimina uji. Tafadhali acheni. Uji huingia katika mapafu, mtoto hupata kichomi, na wengine hufa. Mkalishe wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, kisilale nyuma. Uji uwe mzito kiasi, si maji. Tumia kijiko kidogo, ngoja ameze ndipo umpe kingine. Chakula chake kitachukua muda, basi tia karanga zilizosagwa au mafuta kidogo ili hicho kidogo anachokula kiwe na nguvu. Baada ya kula asilazwe papo hapo.

Kumkalisha kunataka maarifa kidogo. Kona ya ukuta ni kiti kizuri, kuta mbili zinamshika mabega. Wengine huchimba shimo dogo mchangani, mtoto anaketi miguu ikiwa ndani. Na mbeleko yetu ni dawa nzuri. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye miguu yake hukaza na kupishana kama mkasi, akibebwa mgongoni au kiunoni miguu huachana. Bibi zetu walikuwa wakifanya zoezi hili bila kuambiwa na mtu. Asikae chali kutwa nzima. Mlaze kifudifudi, weka khanga iliyokunjwa chini ya kifua, mbele yake weka gunzi la hindi au kopo linalong'aa, ili ainue kichwa kulitazama. Usimwache peke yake akiwa hivyo.

Miti miwili iliyofungwa sambamba uani, kimo cha mikono yake, inamtosha anayejifunza kusimama. Baba anaweza kuitengeneza asubuhi moja. Nasema baba kwa makusudi. Katika nyumba nyingi mtoto huyu ameachiwa mama peke yake, na baba anaona haya.

KAMBA MGUUNI

Wapo wazazi wanaomfunga mtoto kamba wakati wa kwenda shamba. Si wote ni wakatili. Mama analima peke yake, mvua imeanza, moto uko jikoni, mto uko karibu, na mtoto hajui hatari. Ukimkaripia mama huyo bila kumsaidia, hujafanya kitu. Lakini kamba humjeruhi mtoto, na nyumba ikishika moto hawezi kukimbia.

Hapa ndipo kikundi kinapofaa. Wazazi wanne wenye watoto wa namna hii wanaweza kupokezana. Leo huyu anabaki na watoto wote, watatu wanakwenda shamba. Kesho mwingine anabaki. Mtoto mkubwa kidogo anaweza kwenda shamba na mama, akaketi kivulini na kazi yake. Kupukuchua mahindi ni kazi ya vidole na akili, mradi asiwe na tabia ya kutia punje mdomoni.

Kuhusu mtoto anayepiga kelele, anayejigaragaza au kuuma, fimbo haifundishi kitu. Jiulize kwanza: kabla ya kelele kulikuwa na nini? Njaa? Wageni wengi? Sikio linauma? Alitaka kitu akashindwa kukisema? Mtoto asiye na maneno hutumia kelele kama maneno. Mpe njia nyingine ya kuomba. Mwonye mapema kabla ya jambo kubadilika, kwa mfano umwonyeshe ndoo kabla ya kumpeleka kuoga. Na anapotulia, hapo ndipo umsifu. Wengi wetu humwona mtoto anapokosea tu.

Mzazi naye ni mtu. Mama anayekesha kila usiku, asiyealikwa arusini kwa ajili ya mtoto wake, huugua moyo. Katika yale mafunzo, afya ya mzazi ni somo kama masomo mengine. Wazazi hufundishwa kupumzika na kuvuta pumzi taratibu, na kusema waziwazi yanayowaelemea. Kikundi kinaweza pia kuchanga akiba kidogo kila wiki, kwa ajili ya nauli ya hospitali.

PA KWENDA

Anzia zahanati, siku ya kliniki, hata kama mtoto haumwi. Nenda na kadi yake. Usiseme tu "mtoto hana raha." Sema mambo yenyewe: ana umri gani, hawezi nini, alizaliwaje, aliwahi kupata degedege au la. Kama anaanguka kifafa, eleza mara ngapi. Dawa za kifafa zipo, hunywewa kila siku bila kuruka, na hazikatishwi ghafla hata mtoto akionekana amepona. Mtoto mchanga ambaye kichwa chake kinakua upesi kupita kiasi, au mwenye uvimbe mgongoni, huyo asingoje siku ya kliniki.

Zahanati ikishindwa, itakuandikia barua ya kwenda Hospitali ya Magunga mjini Korogwe, na huko wakiona haja watakupeleka Bombo, Tanga, au KCMC, Moshi. Akitokea mtu akakuambia, "Mpelekeni Lutindi," mweleze kwamba Lutindi ni hospitali ya magonjwa ya akili. Kuchelewa kujifunza si ugonjwa wa akili.

Na shule? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma kama wenzake. Karibu na Lushoto iko Shule ya Irente Rainbow, ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Lakini wengi hawatafika huko, watasoma shule ya kijijini kwao. Mzazi aende kwa mwalimu mkuu mapema, kabla mtoto hajafikisha umri wa kuandikishwa, amweleze mtoto anaweza nini na hawezi nini. Akifika darasani akiwa anajua kuomba maji, kwenda chooni na kuketi na wenzake, mwalimu mwenye watoto wengi atampokea kwa moyo mweupe zaidi.

Kama hapo kijijini hakuna kikundi cha wazazi, mwendee mhudumu wa afya wa kitongoji chako. Yeye hupita nyumba kwa nyumba, anajua ni nyumba zipi zina mtoto mwenye "homa kidogo". Mwombe azungumze na wazazi hao, mmoja mmoja, kwa siri. Wakikubali hata watatu, chagueni siku isiyo ya gulio, mkutane chini ya mwembe, na kila mmoja aje na mtoto wake.